Wenyewe Ndivyo Wanavyosema

Krrr, krrr, krrr! Magurudumu ya sanduku yalikwaruza sakafu kabla mgeni hajaonekana. Nyuma ya kaunta, dada alinyoosha kola yake. Mdogo wake, ambaye darasani walimwita Kamusi, aliacha kufagia. Kila akitoka shule alipitia hapa nyumba ya wageni kumsaidia dada, aliyekuwa katika wiki ya majaribio. Akimridhisha msimamizi, kazi ni yake.

"Itoe ile salamu," Kamusi alinong'ona.

Walikuwa wameikariri tangu jana. Dada alikuwa ameuliza, "Una hakika Waingereza wenyewe husema hivi?" Kamusi akajibu bila kupepesa, "Wenyewe ndivyo wanavyosema." Kumbe maneno yale aliyaokota katika kitabu kikuukuu, kwa sababu tu yalikuwa marefu na matamu mdomoni.

Mgeni alikuwa mama wa Kiingereza mwenye mvi. Dada aliinama, akaimwaga salamu yote kwa Kiingereza mpaka pumzi zikamwishia.

Uso wa mgeni ukaiva. "Unanidhihaki, binti?" akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka.

Msimamizi alitoka ofisini mbio. "Nani kakufundisha kumkejeli mgeni? Vua hiyo beji!"

Dada alimtupia Kamusi jicho moja tu, kisha akainamisha kichwa. Hakumtaja. Kimya kile kilimchoma Kamusi kuliko kofi. Alitazama vidole vya dada vikihangaika na pini ya beji, akauweka ufagio chini.

"Ni mimi, Mama," akamwambia mgeni, machozi yakimlengalenga. "Dada aliniuliza. Nikamdanganya kwamba najua."

Uso wa mgeni ukalegea. "Mjukuu wangu, kwetu hakuna anayesema vile. Ni kama mimi nikuambie, 'Ewe mtukufu mlinzi wa funguo, nakusihi kwa unyenyekevu unijalie chumba!'"

Msimamizi alijizuia, akashindwa, akacheka. "Sasa ninyi husemaje?"

"Habari, karibu. Basi!"

"Rudisha beji yako," msimamizi alimwambia dada. Kisha akamgeukia Kamusi. "Kutojua si kosa, binti yangu. Ungesema hujui, tungemuuliza anayejua. Umejifanya unajua, nusura mwenzako akose kazi."

"Kamusi gani wewe, kurasa tupu!" dada akamtania, huku akiibandika beji kifuani.

Kamusi hakucheka. Alimshika mkono. "Nakuahidi, dada. Nisichokijua nitasema sikijui, hata mbele ya hao wanaoniita Kamusi."