Kiti cha Ngozi cha Baba

Kila Jumapili asubuhi Khairiya alisafisha kiti cha ngozi cha marehemu baba yake. Nyumba yao ya Mkunazini ni ya mawe, na masika yakiingia, ngozi huota ukungu upesi. Kazi yenyewe si ngumu: kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha kikavu, kisha madirisha wazi upepo upite. Mama yake, Bi Mwanamkasi, hakumruhusu mtu kukikalia. Yeye tu ndiye aliyekaa hapo baada ya sala ya isha, kimya, mahali pa mumewe.

Jumapili moja uvivu ulimshika Khairiya. Rafiki yake Mayasa alikuwa akimngoja Forodhani. "Nguo zikinuka unyevu si hufukizwa udi?" alijisemea. Akaweka chetezo chenye makaa juu ya kiti, akatia udi, akaenda kuvaa. Aliporudi, kaa moja lilikuwa limedondoka na kuiunguza ngozi, likaacha doa dogo jeusi. Kwa kiwewe akalimwagia maji, kisha akakifunika kiti kikiwa chepechepe, kwa nailoni na shuka juu yake.

"Mbona umekifunika?" mama aliuliza jioni.

"Nshakisafisha, mama. Nnakikinga na vumbi mpaka Sikukuu."

"Mungu akubariki, mwanangu. Basi nitakiacha hivyo hivyo, sitakikalia mpaka siku hiyo."

Dua ile ilimchoma. Siku zikapita, mvua ikanyesha, naye kila akipita ukumbini aligeuza uso. Alitamani kusema, lakini kila siku aliahirisha.

Mkesha wa Sikukuu mama aliondoa shuka. Mahali pa kukalia palikuwa pamejaa ukungu, ngozi imelainika na kubanduka vipande vipande. Bi Mwanamkasi aliinama, akaviokota vile vipande kimoja kimoja.

"Khairiya!"

"Abee, mama."

"Dari limevuja?"

Neno moja tu la kukubali lingemwokoa. Khairiya aliutazama uso wa mama yake, akashindwa kusema uongo.

"Halikuvuja. Ni mimi, mama." Akaeleza yote, kaa, maji na nailoni, huku akilia kwa kwikwi.

Baada ya Sikukuu fundi alikuja kutoka Darajani. Mgongo wa kiti ulipona, lakini sehemu ya kukalia ilibidi ikatwe na kutiwa ngozi mpya. Usiku ule mama alikaa, akajisogeza huku na huku, kisha akainuka.

"Kimekuwa kizuri," alisema, "lakini si pale alipokaa baba'ko."

Khairiya alipiga magoti. "Nnaomba radhi, mama."

"Radhi nshakupa. Lakini sikiliza. Doa la kaa lilikuwa dogo, tungelipangusa na kulikausha siku ileile. Kilichokiozesha kiti ni kule kuficha. Ukikosea tena, mwanangu, njoo uniambie siku hiyohiyo, hata ukiwa unatetemeka. Mimi nitagomba, kisha tutaokoa kinachookoleka. Hiki hatukukiwahi."