Nani Alikupa Ruhusa ya Picha Yangu?

Mama Pindo alifanya kazi huku mdomo umejaa pini. Wateja wake walishazoea kuongea peke yao. Ukimwona anazitema pini kiganjani, ujue ana neno zito la kusema.

Aliitwa Mama Pindo kwa sababu mtaa mzima haukuwa na mtu wa kukunja pindo la gauni kama yeye. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Humo mlikuwa na cherehani mbili, pasi, na meza ya kukatia. Kwenye kona palikuwa na pazia la kijani. Nyuma ya pazia hilo wateja walijaribia nguo.

Mafundi wengine huandika vipimo daftarini. Mama Pindo alikuwa na mtindo wake. Mteja akivaa nguo ya kujaribia, alimpiga picha kwa simu, mbele na nyuma. Kisha aliandika vipimo kwa kidole juu ya picha ileile: kifua, kiuno, nyonga, urefu.

"Daftari halina macho," alipenda kusema. "Picha inaniambia bega lipi limeshuka."

Simu yake ilikuwa na picha zaidi ya mia nne. Hakuwahi kufuta hata moja.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Mwalimu. Alifundisha shule ya sekondari ya jirani, na yeye na Mama Pindo walikuwa mashoga wa miaka kumi. Mwaka uliopita Mwalimu aliugua. Hospitali ilimwondoa titi la kushoto. Mtaani, waliojua walikuwa wawili tu: mama yake mzazi na Mama Pindo.

Mama Pindo alijua kwa sababu ndiye aliyeshona. Alitia kitambaa laini ndani ya gauni, upande wa kushoto. Alikitia kwa ustadi, hata ungekodoa macho vipi usingegundua. Lakini kabla ya kukitia, alimpiga Mwalimu picha kama alivyowapiga wengine.

"Ukimaliza uifute," Mwalimu alimwambia.

Mama Pindo aliitikia kwa kichwa, pini mdomoni. Lakini hakuifuta. Alijua gauni la pili litakuja, na hakutaka kumsumbua Mwalimu kwa kumpima tena. Nia ilikuwa njema. Nia njema nayo huvunja nyumba za watu.

Siku moja akaja kijana mwenye fulana ya rangi ya machungwa. Alipita kwa mafundi wote wa mtaa.

"Mama, bado unatumia tepu?" aliuliza huku akicheka. "Dunia imeshaondoka! Hii inaitwa PimaChap. Unampiga mteja picha moja tu. Simu yenyewe inakutajia vipimo."

"Kiasi gani?"

"Bure kabisa."

Neno "bure" lina utamu wake. Mama Pindo alimpa simu. Kijana aliiweka ile programu, kisha akamrudishia.

"Itakuuliza maswali. Wewe bonyeza Nakubali tu."

Mama Pindo alibonyeza Nakubali mara saba. Hakusoma hata swali moja. Moja lilikuwa hili: "Ruhusu PimaChap ione picha zote?" Aliliona neno "picha" akadhani ni ile atakayoipiga siku hiyo.

Jioni alimjaribu mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka nyumba rangi. Alikuwa na kitambi cha haja. Simu ikasema kiuno chake ni sentimita sitini.

"Sitini!" mumewe alishangilia. "Mke wangu, hiyo simu isiuzwe!"

Walicheka mpaka machozi. Mama Pindo akarudia tepu yake, na PimaChap akaisahau.

Lakini PimaChap haikumsahau.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, Mwalimu aliingia bila hodi. Hakusalimu. Alimsogezea Mama Pindo simu usoni.

"Soma."

Lilikuwa tangazo. Maandishi yalisema: "PimaChap hupima kila mwili, hata usio sawa!" Chini yake palikuwa na picha ya mwanamke. Uso ulikuwa umefunikwa kidogo kwa ukungu. Lakini gauni lilijulikana. Pazia la kijani lilijulikana. Kifua, upande mmoja umejaa na mwingine bapa, kilionekana wazi. Na vipimo vilikuwa vimeandikwa kwa kidole cha Mama Pindo mwenyewe.

Mama Pindo alizitema pini.

"Haki ya Mungu, sijakuweka humo! Nilimpima mume wangu tu!"

"Picha hii ilikuwa kwenye simu ya nani?"

"Yangu."

"Nilikuambia uifute, sikukuambia?"

"Uliniambia."

"Wanafunzi wangu ndio walionionyesha," Mwalimu alisema. Hakulia. Alikuwa na hasira. "Mmoja alikuwa anacheka. Mwingine alikuwa analia kwa kunionea huruma. Mpaka sasa sijui nani ameniumiza zaidi. Nani alikupa ruhusa ya picha yangu?"

Mwalimu alitoka. Hata mlango hakuufunga.

Hasira zikampanda Mama Pindo. Aliikasirikia ile fulana ya machungwa. Aliikasirikia kampuni. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, na hiyo ndiyo hasira mbaya, maana haina mlango wa kutokea. Akaitafuta PimaChap kwenye simu, akaiondoa. Kisha akavuka barabara kwenda kwa Bisibisi.

Bisibisi alikuwa fundi simu. Alikuwa dada mfupi mwenye miwani, na hakuwa na subira na upuuzi. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akishikilia simu ya mtu iliyofunguliwa.

"Nimeshaiondoa," Mama Pindo alisema. "Yamekwisha, au sivyo?"

"Hayajaisha, dada yangu. Umemfukuza mgeni, lakini mzigo aliouchukua uko kwake. Picha zako zimo kwenye kompyuta za kampuni. Akaunti yako bado ipo."

"Lakini Mwalimu sikumpima kwa programu yao!"

"Uliiruhusu ione picha zote. Zote ni zote. Ilichukua mia nne na kitu, pamoja na ya Mwalimu."

Mama Pindo alishika kichwa. "Mia nne! Hao wote ni watu waliovua nguo zao mbele yangu!"

Bisibisi aliweka bisibisi yake mezani kwa kishindo.

"Kila wiki naletewa simu kama hii! Programu ya tochi inataka majina ya watu wote unaowapigia. Kalenda inataka kusikiliza maongezi yako. Tochi inamtakia nini shangazi yako? Kazi yake kumulika, imulike! Na sisi tunabonyeza tu, Nakubali, Nakubali, kama tunafukuza inzi."

Akavuta kiti karibu.

"Sasa tulia, tufanye kazi. Kwanza, lifungue lile tangazo. Tutalipiga picha ya skrini, tarehe ionekane. Wakishaliondoa watasema halikuwepo. Pili, tutaiandikia kampuni. Tutataka iondoe tangazo, ifute akaunti yako na picha zote ilizochukua. Tuandike, tusipige simu. Maneno ya simu huruka, maandishi hubaki."

"Na hii simu?"

"Ingia kwenye Mipangilio. Bonyeza Programu. Chagua moja, kisha bonyeza Ruhusa. Hapo utaona kila kitu ulichoiruhusu. Jiulize: kazi yake inahitaji hiki? Kama haihitaji, bonyeza Usiruhusu. Ikiomba picha, ipe ile moja uliyoichagua, basi. Soma mwenyewe, usinipe mimi nikusomee."

Mama Pindo alisoma polepole, neno kwa neno. Programu ya kutazama hali ya hewa ilikuwa na ruhusa ya kuona picha zake zote. Akabonyeza Usiruhusu kwa nguvu mpaka ukucha ukauma.

Jibu la kampuni lilikuja baada ya siku mbili. Lilikuwa mstari mmoja: "Mteja mpendwa, ulikubali masharti yetu, kifungu cha kumi na tisa."

Mchana huohuo kijana wa fulana ya machungwa alipita mtaani. Mama Pindo alimsimamisha katikati ya njia, mkasi mkononi. Alikuwa ametoka kukata kitambaa, lakini kijana hakulijua hilo.

"Mama, pole kwa usumbufu," alisema huku akiutazama mkasi. "Lakini teknolojia inajifunza kwa picha. Bila picha hakuna ubunifu. Au wewe unapinga maendeleo?"

"Sipingi maendeleo! Nilianza na cherehani ya kukanyaga kwa mguu, leo nina ya umeme. Hayo ni maendeleo. Lakini cherehani yangu haijawahi kubeba siri ya mteja ikaibandika barabarani! Ubunifu wenu unataka mwili wa watu? Waombeni wenyewe!"

"Ulikubali, mama."

"Nilikubali, ndiyo. Nilikuwa mjinga. Na wewe uliyeniambia nibonyeze tu ulikuwa nini?"

Kijana alipita kando ya mkasi, akaenda zake.

Bisibisi aliposoma lile jibu la kampuni, alitoa kicheko kikavu. "Wewe unaweza kukubali picha yako. Picha ya Mwalimu si yako kuikubalia. Hapa kwetu kuna sheria ya taarifa binafsi, na kuna ofisi ya serikali inayoisimamia. Kupeleka malalamiko ni bure, na hii bure ni ya kweli. Ila Mwalimu mwenyewe lazima atie sahihi. Mwili ni wake."

Kupambana na kampuni kulikuwa rahisi kuliko kwenda kugonga mlango wa Mwalimu.

Mama Pindo alikwenda Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi. Mwalimu alifungua mlango nusu, akasimama katikati yake. Hakusema karibu.

"Sikuja kujitetea," Mama Pindo alisema. "Nimekuja kukuuliza. Tunataka kupeleka malalamiko. Ofisi itahitaji kuiona picha. Wataiona maofisa wawili. Ukisema hapana, sipeleki kitu."

Mwalimu hakuuachia mlango.

"Na wale wengine mia nne?"

"Nimewapigia mmoja mmoja wiki nzima. Nimetukanwa na wengi. Wana haki. Thelathini na mbili wamekubali kutia sahihi zao. Mafundi tisa nao wamegundua picha za wateja wao zimechukuliwa. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Mwalimu alichukua ile karatasi. Aliisoma yote, mbele na nyuma, kama anavyosahihisha mtihani. Alimrudishia imetiwa sahihi, kisha akafunga mlango.

Ilichukua wiki saba. Ofisi iliagiza tangazo liondolewe na picha zote za wateja zifutwe. Kampuni ilitozwa faini. Iliamriwa pia ibadilishe lile swali, ili mtu achague picha moja badala ya kutoa zote. Mafundi walishangilia. Mama Pindo hakushangilia sana. Bisibisi alikuwa amemweleza ukweli: watu waliokwisha kuihifadhi ile picha kwenye simu zao, hakuna ofisi itakayowafikia wote.

Alifuta picha zake zote mia nne. Bisibisi alimwonyesha kuwa picha iliyofutwa bado hukaa siku thelathini kwenye folda ya vilivyofutwa. Akaifungua, akaimaliza nayo. Siku hizi vipimo anaviandika kwenye karatasi, karatasi moja kwa mteja mmoja. Haweki jina, anaweka namba. Karatasi hukaa kwenye droo yenye kufuli. Kama lazima ampige mtu picha, humwomba kwanza, hupiga bega tu bila uso, na huifuta mteja akiwa palepale anatazama. Wateja wengi wamerudi. Wapya nao wamekuja, kwa sababu wamesikia kwamba kwa Mama Pindo siri ya mtu haitoki nje.

Mwalimu alirudi miezi minne baada ya lile tangazo. Alikuwa na kitambaa cha samawati chini ya kwapa.

"Nimewaambia wanafunzi mwenyewe," alisema kabla hajaketi. "Nimewaambia niliugua, nikatibiwa, nikapona. Walikaa kimya, wakasikiliza vizuri. Lakini siku ya kuyasema hayo ilikuwa yangu kuichagua. Uliniibia siku hiyo."

"Nilikuibia," Mama Pindo alisema.

"Bado nina hasira na wewe."

"Kuwa nazo."

Mwalimu aliweka kitambaa mezani. Mama Pindo alimpima kwa tepu nyuma ya pazia, kimya kimya. Akaandika vipimo kwenye karatasi, akaweka namba juu yake. Kisha akakata kitambaa palepale, Mwalimu akimtazama, wala hakuondoka mpaka mkato wa mwisho.

"Unaihitaji tena hiyo karatasi?"

"Kwa gauni hili, hapana. Kwa gauni lijalo ingenisaidia nisikusumbue kukupima tena."

Mwalimu alinyoosha mkono. Mama Pindo akampa. Mwalimu aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake, akaufunga zipu.

"Utanipima tena," alisema.