Kichuma Juu ya Kitambaa

Fundi cherehani alikuwa na kichuma kimoja alichokipenda sana. Kilikuwa kifupi, kizito, kama kikombe cha kahawa. Alikiokota ndani ya buti la gari siku mume wake alipolileta nyumbani. Gari lilikuwa kuukuu, limepita mikono ya watu wengi. Alipokiona kichuma akasema, "Hiki kitanifaa." Tangu siku hiyo kilikaa juu ya meza yake, kikigandamiza kitambaa kisiteleze wakati wa kukata.

Mume wake alikuwa kinyozi. Jioni moja alirudi na sanduku jekundu la zana, akaliweka mezani kwa mbwembwe.

"Vipande mia na nane!" alisema. "Safari ya kesho hatuna wasiwasi."

"Umevijaribu kwenye gari?" mke wake aliuliza.

"Vijaribiwe vya nini? Si unaona vipya kabisa?"

Mama yake kinyozi alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alicheka. "Mwanangu, mimi sivioni. Ila kwa jinsi unavyovisifu, nadhani vinajua hata kunyoa."

Bibi huyo alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Aliona ukungu tu. Mjukuu wake wa mwisho alikuwa na miaka miwili, na bibi alikuwa hajawahi kumwona sura. Daktari wa macho alifika hospitali kubwa mara moja kila miezi sita. Kesho ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Bibi alitakiwa kufika kabla ya saa nne asubuhi. Akichelewa, angesubiri miezi sita mingine.

Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Watoto walibaki kwa jirani. Saa moja na nusu, katikati ya barabara ndefu isiyo na nyumba, tairi la nyuma likapasuka. Kinyozi alishika usukani vizuri, akalisogeza gari pembeni.

"Msijali," alisema. "Sanduku lipo."

Alijaribu kipande cha kwanza kwenye nati za gurudumu. Kidogo. Cha pili, kidogo pia. Alipofika cha ishirini, shati lilikuwa limelowa jasho.

"Jaribu kipande cha mia na tisa," mke wake alimtania.

"Huu si wakati wa utani, mama watoto."

Bibi aliuliza kutoka ndani ya gari, "Sasa saa ngapi?"

"Saa mbili kasorobo, mama."

"Basi tutafika," bibi alisema. Lakini sauti ilimtetemeka, na fundi cherehani akaacha utani wake.

Lori moja lilipita, likapunguza mwendo, likasimama mbele yao. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa makamo mwenye ovaroli. Aliinama dirishani kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tusaidie, macho yangu yanasubiriwa hospitali."

Dereva hakupoteza muda. Alitoa pembetatu mbili nyekundu, akaziweka mbali nyuma ya gari ili madereva wengine waone mapema. Akamshusha bibi, akamkalisha nje kabisa ya barabara. Akamwambia kinyozi avute breki ya mkono na kuweka mawe kwenye magurudumu ya mbele. Kisha akachungulia lile sanduku jekundu.

"Sanduku zuri, kaka. Ila hivi ni vya pikipiki na redio. Nati za gari lako ni kubwa kuliko vichwa vyote humu."

Kinyozi alijikuna kichwa.

Dereva alileta spana yake ya magurudumu. "Kwanza unalegeza nati, gari likiwa bado chini. Jeki baadaye." Nati nne zililegea. Ya tano ilikataa.

"Ahaa! Hii ni nati ya kufuli. Imewekwa ili wezi wasibebe gurudumu. Ufunguo wake uko wapi?"

Kinyozi akatoa ufunguo wa gari mfukoni. Dereva akacheka mpaka akashika kiuno.

"Si huo, kaka! Ni kichuma kifupi, kizito, kama kikombe cha kahawa. Ndani kina meno."

Fundi cherehani alijua kichuma hicho kilipo. Asubuhi nzima alikuwa akimcheka mume wake. Angeweza kunyamaza, lakini alimtazama bibi, akapiga moyo konde.

"Ni mimi," alisema. "Nilikitoa kwenye buti. Kiko mezani kwangu, kinagandamiza kitambaa cha sare za shule. Nisamehe, mama."

Wa kwanza kucheka alikuwa bibi.

"Basi hizo sare haziibiwi!"

Dereva alichukua soketi kuukuu, yaani kichwa cha spana, akaipigilia kwa nyundo juu ya ile nati mpaka ikang'ata. Alizungusha kwa nguvu. Ikafunguka. Kinyozi akaweka jeki pale palipo na alama chini ya gari, wakabadilisha tairi. Kwa bahati, tairi la akiba lilikuwa na upepo.

"Dada," kinyozi aliuliza, "kwani mtu abebe nini?"

Dereva alifungua mfuko wake wa turubai. "Hivi tu. Spana ya magurudumu uliyoijaribu kwenye gari lako mwenyewe. Jeki inayoweza uzito wake. Ufunguo wa nati ya kufuli, maana magurudumu mengine bado yana nati hizo. Pembetatu hizi, na tochi. Koleo, bisibisi ya bapa na ya nyota, spana chache zinazoingia kwenye nati za betri. Fyuzi za akiba na nyaya za kuwashia gari betri ikifa. Glavu. Na kipimo cha upepo, upime hata tairi la akiba kabla ya safari. Halafu siku moja badilisha tairi nyumbani, umetulia. Kitu kikikosekana utakijua huko huko."

Kinyozi aliandika yote nyuma ya bahasha ya hospitali. Bibi alishika mikono ya dereva iliyojaa grisi, hakutaka kuiachia.

"Nakushukuru, mwanangu. Nasikitika sura yako sitaijua."

"Wahini, mama. Mkifika, kazeni nati tena."

Walifika zikiwa zimebaki dakika kumi, na siku hiyo hiyo bibi akapasuliwa jicho moja.

Wiki mbili baadaye bibi alitakiwa kurudi ili muuguzi akague jicho lililopasuliwa, ambalo nuru yake ilikuwa ikirudi polepole. Safari hii fundi cherehani alikuwa ameshona mfuko wa turubai, kila zana na mfuko wake mdogo. Walibadilisha tairi uani mara mbili, wakizijaribu zana moja moja. Sanduku jekundu lilibaki nyumbani kwa kazi ndogo ndogo.

Kinyozi alikwisha kuwasha gari. Bibi alitoka chumbani kwake, akapita karibu na meza ya kushonea, akasimama.

"Mkwe wangu!"

"Abee, mama."

"Na hicho kikombe cha chuma kinafanya nini tena juu ya kitambaa?"

Fundi cherehani aliziba mdomo. Jana alikichukua, akasema ni kwa dakika moja tu. Alimtazama bibi, na machozi ya shukrani yakamlenga.

"Umekiona, mama!"

"Nimekiona. Na uzi mwekundu begani mwako nimeuona pia."

Bibi alikichukua kichuma, akakibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, bila kushikwa mkono.