Rangi ya Kwanza ya Gari la Mkunga

Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, Dominic Ndambuki alimwaga maji chini. Wageni waliofika Voi walimshangaa.

"Umepanda nini hapo, fundi?" waliuliza.

Hakuwa amepanda chochote. Alikuwa anatuliza vumbi. Vumbi jekundu la Voi halina adabu, huingia hata kwenye uji. Likiingia kwenye rangi mbichi ya gari, kazi ya siku nzima imeharibika.

Gereji yake ilikuwa karibu na njia ya reli. Dominic alikuwa fundi wa rangi, na mkono wake ulikuwa mzuri. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu. Alipenda kumaliza kazi kuliko kuuliza maswali.

Jumatatu moja ya mwaka 1979, lori lilifika likivuta gari dogo la Moris. Lilitoka Wusi, kule milimani. Karibu na dereva wa lori aliketi Mama Tryphena, mkunga aliyestaafu. Dominic alipomwona alitupa msasa chini, akakimbia kumsalimu.

Alikuwa na sababu ya kukimbia. Miaka sita nyuma alikuwa anapaka rangi kanisa la Wusi, na mkewe Nduku alikuwa naye. Nduku akashikwa na uchungu. Mama Tryphena na mumewe, Mwalimu Donald, walimpakia ndani ya Moris hii kumpeleka hospitali. Mtoto hakungoja hospitali. Mbithe, kifungua mimba wao, alizaliwa kwenye sakafu ya gari, kabla ya kufika Mwatate. Mwalimu Donald alisimama nje akiwa amegeuza mgongo, akiomba Mungu kwa sauti kubwa kuliko ya mzazi.

Sasa Mwalimu alikuwa amefariki. Gari lilikaa kibandani miaka minne.

"Christine wangu anaolewa mwezi ujao," Mama Tryphena alisema. "Baba yake hayupo wa kumpeleka kanisani. Nataka gari lake limpeleke. Lakini si hivi lilivyo. Tulilipaka bluu, halafu tukalipaka nyeupe. Mimi nalitaka kama siku ile Donald alipolileta kutoka Mombasa, likiwa jipya. Utaweza, mwanangu?"

"Mama, hii si kazi, hii ni shukrani yetu. Lilikuwa rangi gani?"

"Kijani." Mama akafikiri. "Hapana, kijivu. Ai! Lilikuwa kijani jamani. Picha ninayo, lakini ni ile ya zamani, nyeusi na nyeupe."

Dominic akacheka. "Usijali, Mama. Rangi ni rangi."

Basi hapo ndipo alipokosea. Rangi si rangi tu.

Kwa siku mbili alipiga msasa. Alipiga milango, boneti na paa mpaka bati likang'aa. Hakuangalia hata mara moja kilichokuwa chini ya ile nyeupe. Kisha akaingia ndani. Sakafu ilikuwa nyekundu, tena laini.

"Angalau hii naijua," alisema. Akaipaka rangi mpya nyekundu.

Kesho yake rangi haikukauka. Siku ya tatu ilijikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ukiigusa, inatoka na kidole.

Nduku alileta chai, akachungulia ndani ya gari. "Baba Mbithe, Mama alikwambia sakafu ilikuwa nyekundu?"

"Si naiona?"

"Sijauliza kama unaiona. Nimeuliza kama alikwambia."

Dominic akashughulika na chai yake. Nduku hakubishana. Alikwenda nyumba ya jirani kumwita Mzee Obadiah Mulei, ambaye alipaka rangi mabehewa ya reli kwa miaka thelathini. Mzee alikuwa hajawahi kuingia gereji ile. Hakuna aliyemkaribisha.

Mzee Mulei aligusa sakafu, akanusa kidole.

"Hii ni nta," alisema. "Ni polishi nyekundu, ile tunayopaka sakafu ya saruji nyumbani. Rangi haishiki juu ya nta, kijana. Ni kama umepaka juu ya samli."

"Nani anapaka polishi ndani ya gari, mzee?"

"Muulize mwenye gari. Kuuliza si ujinga." Kisha akatazama milango. "Na huku nje, chini kabisa, ulikuta rangi gani?"

Dominic akaketi juu ya gurudumu.

"Sijui, mzee. Nimeondoa yote. Nimempotezea Mama rangi ya mume wake."

Mzee angeweza kumcheka, na angekuwa na haki. Badala yake alivuta kigoda akaketi karibu naye.

"Sikiliza. Mtu akipaka gari mara ya pili, hupaka panapoonekana. Pasipoonekana hupaacha. Huko ndiko rangi ya kiwandani hubaki. Tafuta chini ya mipira ya milango, nyuma ya dashibodi, chini ya viti. Jua halifiki huko, kwa hivyo haijapauka."

Mipira ya milango Dominic alikuwa ameing'oa, na chini yake amepiga msasa. Walifungua viti, wakakuta kutu na polishi. Dominic alizidi kunyong'onyea. Mwishowe Nduku akaonyesha kifuniko cha kijisanduku cha mbele, pale Mwalimu alipoweka miwani yake.

"Na hicho?"

Wakakifungua skrubu na kukigeuza. Upande wa nyuma haukuwa na nyeupe wala bluu.

"Usiamini haraka," Mzee alisema. Alilowesha msasa laini majini. Alisugua ukingo wa kifuniko upande wa mbele, polepole, mahali padogo kama shilingi. Msasa mkavu hutoa vumbi la rangi, na vumbi hilo ni sumu kifuani. Duara baada ya duara likatokea: nyeupe, bluu, kisha ile rangi ya nyuma. Chini yake kulikuwa na hudhurungi, ile rangi ya kushikia inayotangulizwa kwenye bati ili rangi yenyewe ishike, halafu bati tupu.

"Umeona? Kati ya hii na bati kuna rangi ya kushikia peke yake. Basi hii ndiyo ya kwanza."

Walikitoa kifuniko juani. Haikuwa kijani hasa, wala kijivu hasa. Ilikuwa rangi ya jani la mkonge.

"Kumbe Mama alisema kweli mara zote mbili," Nduku alisema. Dominic alimshika Mzee Mulei mikono yote miwili.

Kesho yake alipanda Wusi, akamweleza Mama Tryphena kila kitu bila kujitetea. Kisha akauliza juu ya sakafu.

"Mimi nilipaka ile polishi, kila Jumamosi. Wanawake wengi walizaa mle, Dominic. Sikutaka anayefuata aone damu ya aliyetangulia akaogopa. Nduku hakuona kitu, sivyo?"

"Hakuona, Mama."

"Basi ilifanya kazi yake. Sasa iondoe."

Waliiondoa kwa vitambaa vyenye mafuta ya taa, milango ikiwa wazi na jiko likiwa mbali. Kisha wakaosha kwa sabuni mara mbili. Chini walikuta ile ile rangi ya mkonge. Kwenye kona, chini ya reli ya kiti, kulikuwa kumenasa kipande cha zulia la mpira mweusi wenye mistari myembamba. Ndilo lililokuwa zulia la kiwandani.

Dominic alipeleka kifuniko na kile kipande Mombasa. Muuza rangi alichanganya kidogo kidogo. Zamani Dominic angechukua mkebe akaondoka. Safari hii alipaka kwenye kibati, akangoja kikauke, akakitoa nje mchana na kukilaza juu ya kifuniko. Kilikuwa na giza kidogo. Wakachanganya tena, na tena. Mara ya nne hakuweza kuona kibati kinaishia wapi. Kwa kile kipande alipata pia zulia jipya la mpira wenye mistari ile ile.

"Ule ukingo niliousugua usiupake," Mzee Mulei alimwagiza. "Atakayekuja baada yetu naye atataka kujua."

Tangu hapo Dominic hagusi gari kwa msasa kabla ya kumuuliza mwenyewe na kupekua pale pasipoonekana. Na chai ya saa nne huletwa vikombe viwili, kimoja cha Mzee.

Siku ya harusi Dominic mwenyewe aliendesha Moris hadi Wusi. Mama Tryphena alitoka nje na bintiye. Alilizunguka gari mara moja, mkono ukipita juu ya bati. Akafungua mlango, akatazama mpira mweusi wenye mistari. Aliinua mguu kuingia, akaurudisha. Kisha akainama, akavua viatu.

"Siku ile lilipokuja likiwa jipya, nilivua hivi hivi," alimwambia Christine. "Baba yako alinicheka mpaka akakaa chini."

Christine naye akavua vyake, gauni lake jeupe likiwa limekunjwa mkononi. Dominic aliendesha polepole. Mlango wa kanisa ukaonekana.

"Asante, Donald," Mama Tryphena alisema. "Tumefika."