Mchunaji kwenye Bamba la Shaba

Machteld alipobandua karatasi kwenye bamba la shaba, ilinuka nyama mbichi. Akaisogeza puani tena. Wino hunuka masizi na mafuta ya kitani, basi. Huu ulinuka bucha.

“Gillis, umetia nini humu?”

“Wewe chapa, mke wangu. Padri Servaas yuko njiani kuzichukua picha zake.”

Picha aliyoichonga Gillis kwenye bamba ilikuwa ya Mtakatifu Bartolomayo akichunwa ngozi angali hai. Gillis, fundi hodari na mbishi kuliko wote Antwerp, alijichora mwenyewe kuwa mtakatifu kwa kujitazama kwenye kioo. Sura ya mchunaji aliifuata nje ya lango la mji, kwa muuaji aliyekuwa bado ananing'inia kitanzini. Machteld alimkataza, akamwambia maiti ya namna ile haichorwi kabla ya kuombewa. Gillis alicheka tu. “Atanifanya nini? Atashuka?”

Machteld akazungusha mashine ya kuchapia. Karatasi ya pili ilipotoka, kisu cha mchunaji kilikuwa kimepanda kutoka kiwiko cha mtakatifu hadi begani. Nyuma yake Gillis alipiga ukelele. Alikuwa ameshika mkono wake, na ngozi ilikuwa inamvuka kama soksi, damu ikimwagika sakafuni.

“Usichape tena, Machteld!”

“Sichapi! Sijaigusa!”

Ni kweli hakuigusa, maana mashine ilikuwa inazunguka yenyewe, wino ukitambaa wenyewe juu ya shaba, karatasi zikijilaza moja baada ya nyingine, na kila iliyotoka ilionyesha kisu kimefika mbali zaidi, kifuani, mbavuni, huku Gillis akigaragara na kulia kama mtoto, na kutoka ndani ya mashine mtu asiyeonekana akihema kwa raha.

Padri Servaas alisukuma mlango, akaona, akanyunyiza maji ya baraka. Yakachemka juu ya chuma.

“Mkwangue!” alinong'ona Padri. “Mwenye kisu, mama. Mkwangue atoke!”

Machteld akalinyakua bamba na chuma cha kukwangulia. Shaba ilikuwa nyeusi tii kwa wino, hakuna sura iliyoonekana. Akatupia jicho karatasi: mchunaji yuko kulia. Akakandamiza chuma upande wa kulia kwa nguvu zake zote, akakwangua kuanzia juu hadi chini.

Kukawa kimya. Machteld alicheka kwa furaha.

Kila mchapaji anajua kwamba kilicho kulia kwenye karatasi, kwenye shaba kiko kushoto. Machteld alilijua hilo tangu utotoni. Hofu ndiyo iliyomsahaulisha, akamkwangua mtakatifu. Alipogeuka, Gillis alikuwa amepasuka kuanzia paji la uso hadi kitovuni, macho wazi, yakimtazama yeye.

Mashine, ingawa haikuwa na bamba tena, ikatoa karatasi moja zaidi. Padri akaiokota, akaitazama, kisha akamtazama Machteld na chuma kilichokuwa kinadondosha damu mkononi mwake. Kwenye picha muuaji hakuwepo tena. Aliyesimama juu ya maiti alikuwa mwanamke.

“Padri, si ulikuwepo? Si umeona ni yule muuaji?”

“Nimeona,” Padri alisema, akirudi kinyumenyume na karatasi kifuani. “Nimekuona wewe.”

Akatoka, akamfungia kwa nje. Machteld aligonga mlango, akamwita kwa jina, akaapa kwa watakatifu wote. Begani kwake mtu akaanza kuhema.