Penseli ya Ogari
Rafiki yangu Ogari, mchumaji wa chai, alichora picha moja daftarini kila jioni baada ya kupima majani, akaandika tarehe pembeni. Hakukosa hata siku moja. Alhamisi moja mwaka wa 1968 penseli iliisha, akaenda dukani Sosiot kununua nyingine.

Alirudi katika ukungu mzito. Nyumbani hakukuwa na mtu, lakini ndani alisikia kwaru, kwaru, kama penseli karatasini. Akawasha koroboi. Daftari lilikuwa wazi: mkewe Marcella amechorwa mlangoni, amenyolewa kichwa kama wanavyonyolewa wajane kwetu. Tarehe ilikuwa ya kesho yake, kwa mwandiko wa Ogari mwenyewe.

Alifuta mpaka karatasi ikapasuka, akalifunga daftari kwa kamba na kunikimbilia nalo.

“Ndugu yangu, nifanye nini?”

Mezani kwangu, ndani ya daftari lililofungwa, tulisikia kwaru, kwaru. Penseli mpya ilikuwa bado mfukoni mwake, haijachongwa.