Aliyemtoa Chepe Tangini

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Chepe alikwenda kazini akipiga mluzi. Yeye na vibarua wenzake walikuwa wanasafisha kituo cha mafuta kilichofungwa zamani, udongo umekunywa petroli mpaka unanuka hadi barabarani. Msimamizi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, aliyemtafutia kibarua hicho na kumwita "mdogo wangu" mbele za watu. Sasa hapo Chepe amwogope nani?

Zamu yake ilikuwa kushuka kwenye tangi la chini ya ardhi kukwangua tope. Fundi aliyeifanya kazi hiyo kabla yake alifia humohumo. Moyo, alisema shemeji. Ulisimama ghafla.

Shemeji akamfunga kamba kiunoni na kipimahewa kifuani, kile kidude kinachopiga king'ora mvuke wa petroli ukizidi.

"Kisipolia, wewe kwangua tu. Ukitaka kutoka, vuta kamba. Nipo hapahapa."

"Usije ukaniacha humo ukaenda kula," Chepe akatania.

"Halafu dada yako anile mimi?"

Wakacheka. Chepe akashuka.

Mwanzoni harufu ilimkaba koo. Baadaye ikapotea, naye, maskini, akadhani hewa imesafika. Kumbe pua ndiyo iliyochoka. Kipimahewa kilikuwa kimya. Akakwangua. Kichwa kikawa chepesi.

Kisha, nyuma ya sikio lake, mtu akanong'ona.

"Amekupa na wewe hicho?"

Hakugeuka. Alikiinua kipimahewa mpaka usoni. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka na kuzima mbiombio. Tundu la king'ora lilikuwa limejazwa gundi. Gundi ngumu, ya siku nyingi.

Akavuta kamba. Kamba ikateremka yote, ikamwangukia miguuni. Juu hapakuwa na mtu.

Machozi yalimtoka. Hofu alikuwa nayo, lakini uchungu ulizidi. Mume wa dada yake! Alitaka kuita, sauti ikagoma. Miguu ikaishiwa nguvu. Ndipo mikono miwili ya baridi ilipopita chini ya makwapa yake kutoka nyuma, ikamkumbatia kifua, ikamwinua.

Alizinduka juu ya udongo, vibarua wamemzunguka. Shemeji alikuwa anarudi mbio, simu mkononi.

Jioni, nyumbani kwa dada, shemeji alikuwa ameshajifanya shujaa. Alimvuta peke yake, alisema. Chepe akamsikiliza hadi mwisho.

"Uliziba king'ora, shemeji."

"Kilikuwa kinalia kila mara. Kazi ingeisha lini?"

"Si ungeniambia? Ningekataa kushuka."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi.

Dada akaingia kutoka uani, ameshika ovaroli ya Chepe aliyokuwa akiifua.

"Nani alikushika hivi? Nimesugua mpaka mikono inauma, alama hazitoki."

Kifuani pa ovaroli palikuwa na alama mbili nyeusi za viganja vya tope. Kiganja cha kushoto hakikuwa na kidole cha mwisho.

Shemeji akakaa chini taratibu.

"Fundi," akanong'ona. "Kidole chake kile kilikatwa na msumeno."

Dada akamtazama mumewe, akamtazama mdogo wake. Kisha akaigusa ile alama kwa ncha ya kidole.

Ilikuwa bado mbichi.